Kizuri Hakijiuzi

Nililelewa na methali moja yenye kiburi:
kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.
Bibi aliitumia kwa vitenge na kwa wachumba.
Basi fikiria nilipofika Dundee,
nikapata kazi katika duka la vitabu la Ishbel,
mtaa wa mteremko, ambako upepo wa mto Tay
hupanda bila kubisha hodi,
na siku ya kwanza nikapewa kalamu na kadi tupu,
nikaambiwa: "Chagua kitabu. Kitembeze."

Rafu yetu wafanyakazi inatazamana na mlango.
Duka hili lilikuwa ghala la juti;
mvua ikizidi, mbao bado hutoa harufu ya gunia,
harufu niliyoijua kabla sijajua kusoma.
Chini ya kila kitabu kuna kadi ya mkono.
Struan hukata maneno kama mwenye bucha aliye na haraka:
"Nililia kwenye treni. Nunua."
Ishbel huandika hadi ukingoni, akapinda kona,
akamalizia nyuma ya kadi, asikosoma mtu.
Euan, kijana wa Jumamosi, hupenda vitabu vinene
asivyovimaliza. Soma kadi zake kwa makini
utajua alikomea ukurasa wa ngapi.

Mimi, miezi minne, kadi yangu ilibaki nyeupe.
Nilisingizia mwandiko, nikasingizia Kiingereza.
Kweli ilikuwa nyingine: kusema "soma hiki"
ni kumwekea mtu dhamana ya usiku wake,
na usiku haurudishwi kwa risiti.

Ndipo akaja Bi. Petrie, dereva wa basi,
na kitabu kilichovimba kwa maji ya bafu.
"Nani aliandika kwamba kinachekesha?"
Euan akainua mkono nusu, kama darasani.
"Ukurasa wa mia mbili na kumi, mbwa anakufa."
Kimya. Masikini Euan,
alikuwa ameishia mia na tisini.
Nilidhani atadai fedha zake.
Akajifuta pua kwa mkono wa koti la kazi:
"Sasa nipeni kingine. Lakini safari hii
anichagulie mtu aliyekimaliza."
Na akanitazama mimi.

Usiku ule nikaandika. Kitabu chembamba,
mwanamke amerudi kwa marehemu mama yake
kuuza kabati, na kabati halipiti mlangoni.
Kurasa tisini na sita. Hamna mbwa.
Kiingereza kikanikwama kama mwiba wa samaki,
kalamu ikaenda yenyewe inakokujua:

*Kabati lagoma toka,*
*mlango wasononeka,*
*utalia, utacheka,*
*ukifunga, hukifungi.*

Chini nikatafsiri mstari mmoja tu, ule wa tatu,
nikatia jina langu: Saumu.

"Nani ataisoma hii?" akauliza Struan,
na kwa wiki tatu swali lake halikupata jibu.
Bi. Petrie alinunua nakala moja. Hajarudi kulalamika,
wala kusifu; hunipigia honi tu akipita.

Halafu Jumanne moja ya ukungu, nikifagia jioni,
nikaona kitabu kipo, kadi haipo.
Selotepu imebanduliwa taratibu, rangi ya rafu haikuchubuka.
Mwizi mwenye kucha na subira.
Ishbel akapiga magoti, akatafuta chini ya zulia.
Mimi nilisimama na ufagio wangu.
Nani katika mji huu? Muuguzi atokaye zamu,
akihesabu mizani kwa vidole ndani ya glavu?
Au mtu asiyejua hata neno moja,
aliyependa tu jinsi mistari mitatu inavyofanana
na wa nne unavyokataa?

Bibi, nisamehe, kizuri hakijiuzi.
Kukaa kwenye rafu kinaweza kukaa mwaka mzima,
mgongo ukififia upande wa dirisha.

Nimeandika kadi nyingine, kwa vina vingine.
Selotepu nimeweka kidogo tu,
pembe moja.